Nani Kakuambia Hatukujua?

Alfajiri ya Desemba 14, 2025, nilikuwa nimejifunika shuka gubigubi hosteli, simu mkononi, mwanga nimeupunguza ili nisimwamshe mwenzangu wa chumbani. Washington ilikuwa bado Jumamosi usiku. John Cena, mtu wa miaka 48, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 fulana zake zilituambia tusikate tamaa, alikuwa amekabwa shingo na Gunther, Mwaustria mwenye kifua kama mlango wa ghala. Akajinasua. Akakabwa tena. Akajinasua tena, akarudishwa chini. Halafu akatabasamu, tabasamu dogo la mtu aliyekumbuka jambo, akapiga-piga mkono: basi, nimekubali. Lilikuwa pambano lake la mwisho, na alilimaliza kwa kukata tamaa mbele ya macho yetu.

Nililia. Mwenzangu akaamka, akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia Cena kapigwa. Alicheka mpaka akakaa kitako.

"Yaani wewe bwana, mtu wa masta, unalilia mieleka? Si unajua yale ni maigizo?"

Ni rafiki yangu na anasoma uchumi, kwa hiyo nimemsamehe nusu. Swali lenyewe sijalisamehe. Nimeulizwa tangu kidato cha kwanza, na walimu, na wapangaji wenzangu, na msichana niliyekuwa nampenda, na kila anayeuliza anakuwa na sura ile ile ya huruma, sura ya mtu anayemfungua kipofu macho. Naomba leo nijibu mara moja kwa wote.

Nimekulia Heru Juu, Kasulu, huko juu ambako asubuhi ya Juni ukungu unaingia hadi jikoni, na mgeni aliyetoka Kigoma mjini anashuka kwenye gari akiuliza kama hapa bado ni Kigoma. Zamani palikuwa makao ya Mwami wa Heru. Kwangu mimi, mtoto wa darasa la pili, makao makuu yalikuwa banda la video: kuta za matofali mabichi, paa la bati, mabenchi ya mikaratusi, televisheni ya chogo ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na jenereta nyuma ya ukuta, imefungwa kwa mnyororo kama mbwa mkali. Mtoto shilingi 100, mkubwa 200. Jumamosi ilikuwa siku ya mieleka.

Mwenye banda ndiye aliyekuwa msimuliaji. Filamu zilizotiwa sauti na akina Lufufu zilikuwa zimeshatuzoesha kwamba picha ya kigeni haijakamilika mpaka apatikane mtu wa kuisema, kwa hiyo naye alisimama kando ya televisheni na kifimbo, akaisema mieleka kwa Kiswahili, na palipokolea akahamia Kiha. Undertaker alikuwa Andateka, mzika watu. Rey Mysterio alikuwa Kinyago. Big Show alikuwa Lori. Kila pambano lilikuwa na stelingi na adui, na sote tunajua stelingi hafi. Lakini stelingi wa mieleka alikuwa na shida kuliko yule wa filamu za Arnold: aliweza kupigwa Jumamosi hii, akapigwa na ijayo, na ya tatu akaja akiwa amefungwa bandeji kichwani, akapigwa tena. Tulimsubiri miezi.

Sasa sikiliza. Diski zilikuwa chache, zinarudiwa mpaka zinakwaruzika. Kila mtu mle ndani alijua nani atashinda. Kijana aliyeliona pambano mara saba ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, tena alianza kabla ya tukio, ili sisi wengine tujiandae.

Benchi la mbele, upande wa kulia, lilikuwa la fundi seremala. Siku ya kwanza alipomwona mtu akitupwa juu ya meza na meza ikapasuka katikati, alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei, "Ile si mbao. Ubao kama ule mimi navunja kwa goti." Banda zima likacheka. Akaendelea kutazama mpaka mwisho. Jumamosi iliyofuata alifika mapema kuwahi nafasi yake, na alifika mapema hivyo kwa miaka yote niliyoingia banda lile. Siku nyingine aliongeza, bila kuulizwa, "Meza ni nyepesi, lakini ardhi iko pale pale."

Kauli hiyo niliihakiki mwenyewe nikiwa na miaka 10. Nilipanda mparachichi wa nyumbani, nikatanua mikono, nikawa Jeff Hardy, nikajirusha juu ya lundo la makapi ya maharage. Makapi yalikuwa maigizo matupu. Mfupa wa mtulinga ulivunjika kweli, na wiki sita nilikula kwa mkono wa kushoto huku mama akinisema.

Kwa hiyo unaponiambia mieleka imepangwa, unaniambia jambo ambalo seremala wa Heru Juu alilimaliza kwa sentensi moja. Tena siri unayotaka kunifunulia walishaifunua wenyewe. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, wakati ule ikiitwa WWF, iliwaambia wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka ni burudani na wala si mashindano, ikitaka kuondokana na usimamizi na kodi za mamlaka ya michezo ya jimbo. Mwaka huo mimi sikuwa nimezaliwa. Na wewe mwenzangu pia. Umechelewa.

Na kupangwa hakupunguzi urefu wa kuanguka. Juni 28, 1998, mjini Pittsburgh, Undertaker alimtupa Mick Foley kutoka juu ya kizimba cha chuma, karibu mita 5, hadi kwenye meza ya watangazaji. Foley alijua atatupwa. Kujua hakukumpunguzia hata sentimita moja. Mei 23 mwaka uliofuata, Kansas City, Owen Hart alikuwa anashushwa kutoka darini mwa ukumbi kwa kamba, kwa mbwembwe za kuingilia tu, hata pambano halijaanza, akaanguka, akafa. Mtu anayesema "uongo" akimaanisha kwamba hakuna anayeumia, huyo ndiye aliyedanganyika.

Najua nikimtaja Roland Barthes, Mfaransa aliyefungua kitabu chake cha mwaka 1957 kwa insha ya mieleka, baadhi yenu mtanyamaza kwa adabu. Ndiyo maana simtumii. Sitaki ruhusa ya Paris kwa jambo nililoliona Kasulu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba swali hili halipelekwi kwa kila mtu. Dada yangu anatazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, analia, anamlaani mama mkwe kwa jina, na hakuna aliyewahi kumshika bega kumwambia, "Si unajua yule mama ni mwigizaji?" Wazazi wetu miaka ya 1990 walijaza kumbi kuwaona TOT na Muungano wakishindana, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule, wanarushiana mipasho mpaka watu wanatunza na kuvuana vilemba. Kuna aliyesimama mlangoni kuwaonya kwamba majibizano yale yanauza tiketi? Walijua. Walikwenda kwa sababu walijua, na kwa sababu mpasho uliotungwa vizuri unauma hata kama umetungwa. Roman Reigns akishika maikrofoni, akamtazama Cody Rhodes dakika nzima bila kusema neno, halafu akamkumbusha habari za baba yake, huo ni mpasho. Mjomba wangu anayepuuza mieleka angeuelewa kabla ya tafsiri.

Tofauti ni nani anatazama. Tamthilia inatazamwa sebuleni. Mieleka, kwa picha mliyonayo vichwani, inatazamwa na watoto, wapiga debe na watu wa vijijini kwenye vibanda umiza, na watu hao mmeamua kwamba hawawezi kujua jambo na kulifurahia kwa wakati mmoja. Uwezo huo mmewaachia wenye vyeti.

Hata hivyo sikatai kwamba mieleka ilitudanganya. Ilitudanganya kweli, ila wenzangu mmeutafuta uongo mahali pasipo pake. Hebu tumwangalie Kamala.

Kamala alikuwa jitu la miraba minne, peku, uso umepakwa rangi, tumboni amechorwa nyota na mwezi, mkononi mkuki. Hakusema neno la maana. Alipiga tumbo lake kama ngoma na alikuwa na mtu wa kumwongoza kama mnyama. Aliitwa Jitu la Uganda, na habari zikatungwa kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Wazee wetu waliokwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 hawakukutana na Mganda wa namna hiyo, maana Mganda wa namna hiyo hakuwepo. Alikuwa James Harris, Mmarekani mweusi wa Mississippi, aliyekuwa akitafuta riziki. Alicheza hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadaye kisukari kilimkata miguu yote miwili, na alifariki Agosti 2020. Simlaumu. Nawalaumu waliokaa mezani wakaamua kwamba mamilioni ya watu wataijua Afrika Mashariki kwa tumbo lile.

Banda letu lilikuwa na mkanda mmoja wa zamani wenye Kamala. Msimuliaji wetu, ambaye hakukosa maneno hata kwa marudio ya polepole, alipofika hapo alisema tu, "Huyu wanasema ni Mganda," akanyamaza. Ndiyo mara pekee ninayokumbuka kusikia jenereta.

Kwa sababu hiyo nasema mieleka ya leo ni bora kuliko ile mnayoidharau, na bora kuliko ile wazee wa mashabiki wanayoililia kila siku wakidai mambo yaliisha na Stone Cold. Sikilizeni mambo niliyoyaona mimi mwenyewe.

Aprili 2019, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha sita, simu ya magendo ilipita kitanda hadi kitanda bwenini: Kofi Kingston amempiga Daniel Bryan WrestleMania 35, ni bingwa wa WWE. Mzaliwa wa Ghana. Huyu alipoanza mwaka 2008 walimtangaza kuwa anatoka Jamaika. Miaka 11 baadaye akanyanyua mkanda kwa jina la kwao, wanawe wakaingia ulingoni, na mwaka huo huo akaupeleka mkanda Ghana. Oktoba 4 wakampokonya kwa Brock Lesnar, kwa sekunde zisizofika 10. Hilo sijalisamehe na sina mpango. Lakini mlango ulishafunguka: Januari 2025 Oba Femi, Mnigeria aliyekuwa mrusha tufe, akawa bingwa wa NXT, na anaingia ulingoni kama mtu anayekuja kuchukua kiti chake. Mkuki hana. Anaongea kuliko maadui zake.

Aprili 10, 2021, Tampa, pambano la kufunga usiku wa kwanza wa WrestleMania lilikuwa la wanawake wawili weusi, Bianca Belair na Sasha Banks. Kabla ya kugusana walisimama wakatazamana, machozi yakawatoka, na watu wakawasubiri. Nakumbuka diski za banda letu, wanawake walipewa dakika tatu na nguo za kuogelea; wanaume wazima walitumia muda huo kwenda kujisaidia.

Halafu kuna Februari 2024. Cody Rhodes alikuwa amejijengea njia ya kumkabili Roman Reigns, bingwa wa zaidi ya siku 1,200, kutafuta mkanda ambao baba yake Dusty hakuupata mpaka kufa. Akatokea The Rock, tajiri, nyota wa Hollywood, akawekwa mbele yake. Mashabiki wakakataa. Walizomea kumbini, walijaza mitandao, mpaka kampuni ikageuza hadithi. Aprili 7, Philadelphia, Cody akaumaliza utawala wa siku 1,316. Sisi tuliolelewa na bibi tunajua hadithi haisongi mbele mpaka wasikilizaji waitikie. Mkinyamaza, bibi anaacha. Nitajieni riwaya yenu nzito, au tamthilia ya jukwaani, ambayo watu wa viti vya bei nafuu waliukataa mwisho wake na mwandishi akarudi kuandika upya.

Sisemi biashara hii ni safi. McMahon aliondoka Januari 2024 baada ya aliyekuwa mfanyakazi wake kumshtaki kwa unyanyasaji wa kingono, madai anayoyakanusha. WWE na UFC sasa ziko chini ya kampuni moja, na matangazo yamepandishwa hadi kwenye turubai la ulingo. Wanafuata fedha za Saudia bila haya. Ndiyo maana nafurahi AEW ilianzishwa 2019, na ikaijaza Wembley Agosti 2023. Mtu mwenye jirani mwenye duka habandiki bei anayotaka.

Lakini furaha yangu kubwa ya sasa haiko Marekani. Iko Mukono, nje kidogo ya Kampala. Mwaka 2023 Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, aliyewahi kutafsiri mieleka kwenye televisheni, alianzisha Soft Ground Wrestling. Turubai hawana, wana udongo uliolainishwa. Kona za ulingo ni mianzi, kamba ni kamba. Vijana wa kike na wa kiume wanarushana kwenye matope, wanaruka kutoka juu ya mianzi, wanatupiana mipasho, na video zao zimetazamwa duniani kote. Fikiria ilivyokwenda: msimuliaji ndiye aliyechoka kusimulia ya wengine, akashika jembe. Na wale ni Waganda kweli. Ukimtafuta Kamala pale humpati, unampata binti wa miaka 20 aliyepakwa udongo mpaka masikioni, anajua hasa anachofanya, anaangukia mgongo wote kama inavyotakiwa ili uti usipate shida.

Wala Mukono haikuwa ya kwanza. Kinshasa wana kachi yao tangu miaka ya 1970, enzi za Kelekele, na baadaye akina Edingwe, anayejiita Moto na Ngenge, wakaingiza dawa ulingoni: kabla ya pambano mwanamieleka anazungushwa mitaani na wapiga muziki, halafu mpinzani anaangushwa bila kuguswa, kwa uchawi. Habari hiyo sikuipata chuo. Sisi Kasulu ni majirani wa kambi ya Nyarugusu, waliyoanza kukaa Wakongo mwaka 1996, na Mkongo mmoja aliyekuwa akipita kijijini kwetu kwa biashara ya nguo aliingia bandani Jumamosi moja. Alimtazama Batista akinyanyua watu kwa muda mrefu, akauliza kwa masikitiko ya kweli, "Huyu anapigana bila dawa?" Akaambiwa ndiyo. "Kwetu hamalizi dakika mbili." Seremala aligeuka akamtazama kwa heshima, kama fundi anavyomtazama fundi wa mji mwingine.

Sasa niambieni kwa nini sisi hatuna. Ngumi zinajaza kumbi Dar es Salaam. Tuna waigizaji wa vichekesho, tuna sarakasi, tuna watoto wa taarab wanaojua kuchambua mtu kwa beti nne, tuna wanyanyua vyuma kila mtaa. Vipande vyote vipo. Kinachokosekana ni mtu mwenye fedha au cheo ambaye hataona aibu, na aibu hiyo inatengenezwa na sisi, wasomi, kila tunapomcheka mtu anayelilia Cena saa kumi na moja alfajiri.

Krismasi nilipanda Heru Juu. Banda la video sasa ni saluni na wakala wa fedha za simu. Nyuma ya nyumba yetu, mahali palipokuwa na lundo la makapi, mpwa wangu na wenzake sita walikuwa wamelima mraba wa udongo, mvua za Desemba zikawasaidia kuulainisha, wakasimika miti minne ya mikaratusi na kuzungusha kamba za katani. Wameiona Mukono kwenye simu ya mama yao. Mmoja alikuwa amejipaka matope nusu uso na alikataa kuniambia jina lake halisi.

Seremala alipita akitoka kanisani, amezeeka, suti yake ile ile. Wakamsalimu shikamoo kwa pamoja. Alijibu, akaegemea nguzo moja kwa kiganja, nguzo ikainama.

"Mmezamisha kiasi gani?"

"Kiwiko, babu."

"Kiwiko!" Akaitikisa nguzo ya pili, kisha ya tatu. "Mtu akitupwa hapa anaondoka nayo. Ikimwangukia je?" Akamtazama mpwa wangu. "Nenda nyumbani kwangu, mwambie bibi akupe mtaimbo. Na msumeno."

Mtoto akakimbia. Mzee akavua koti, akatafuta mahali pakavu pa kulitundika, hakupaona, akanipa mimi nilishike.